Mashine ya maji "inaondoa floraidi 99%". Kama haiondoi, muuzaji afanyeje?

Nzuguni_B
Wakuu, habarini. Naomba wanaojua maji na wanaojua sheria za kazi.

Kampuni iko Dodoma mjini, inauza mashine za kuchuja maji ya nyumbani. Wateja wengi wako Bahi, Manyoni na Singida. Ndani kuna hatua tatu: pamba ya kuzuia mchanga, mkaa mweusi wa chengachenga, na resini (punje za kubadilishana madini). Kipeperushi kinasema inaondoa "chumvi, floraidi na sumu zote kwa asilimia 99". Floraidi ni madini ya asili kwenye maji, yakizidi huharibu meno.

Maonyesho ni yale ya vijiti viwili vya umeme: maji ya bomba yanageuka kahawia, maji ya mashine yanabaki meupe. Ila hayo ya mashine huja tayari kwenye dumu kutoka ofisini. Ukimuuliza bosi, jibu ni "wewe uza, kemia waachie wenyewe".

Je, kuna namna ya kuhakiki bila kubahatisha? Na muuzaji akigoma kutaja floraidi, anaweza kufukuzwa?

MajiMagumu
Nianze na vijiti, maana hapo ndipo watu wanapoliwa hela. Kimoja ni cha chuma, kingine alumini. Maji yenye madini hupitisha umeme, chuma kinalika, na ile kahawia ni kutu ya kijiti chenyewe. Maji yasiyo na madini hayapitishi, kwa hiyo hakuna kinachotokea. Tia chumvi kidogo ya mezani kwenye yale "meupe" uwashe tena: yatachafuka vilevile.

Sasa fikiria hilo dumu. Resini ya kawaida ya majumbani haiondoi madini yote, inabadilishana tu: inachukua kalsiamu na magnesiamu, inaachia sodiamu. Mkaa nao hauguzi chumvi iliyoyeyuka. Maji ya mashine hiyo yalitakiwa kugeuka kahawia kama ya bomba. Kama hayageuki, kuna uwezekano mkubwa yametoka kwenye mashine ya RO (inayosukuma maji kupitia utando wenye matundu madogo sana) au ni maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji. Dai maonyesho yafanywe na maji yanayotoka kwenye bomba la mashine mbele ya mteja. Utajua siku hiyohiyo.

Kwa haki, mashine ina kazi yake: mkaa unaondoa harufu ya klorini, resini inapunguza ule utando mweupe wa kwenye birika. Floraidi ni habari nyingine. Zinazoiondoa kweli ni RO, mkaa wa mifupa na alumina iliyoamilishwa (punje za oksidi ya alumini), na hata hiyo alumina hupungua nguvu maji yakiwa na pH (kipimo cha uchachu) ya 8 kwenda juu.

Usitegemee kipima TDS. Kinasoma jumla tu ya madini yaliyoyeyuka, hakitaji ni yapi. Maji yenye TDS 900 na floraidi miligramu 4 kwa lita, ukiitoa floraidi yote kipimo hakitaonyesha tofauti ya maana. Kikomo cha floraidi cha WHO (Shirika la Afya Duniani) ni miligramu 1.5 kwa lita.

Upimaji: chukua chupa za plastiki za nusu lita (za glasi hapana, floraidi hushikana nazo), suuza mara tatu kwa maji yaleyale. Chukua maji ghafi, kisha yaliyochujwa baada ya lita 20, 200 na 500. Katriji (kichujio cha ndani) mpya inaweza kukudanganya mwanzoni, ndiyo maana lita 500 ni muhimu. Kwa nyumba inayotumia lita 20 za kunywa na kupikia ni siku 25 tu. Andika A, B, C, D bila kueleza ipi ni ipi, peleka maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji, ipo hapahapa Dodoma.

Kibaigwa1
Mkuu acha kazi. Riziki haiko sehemu moja.

ShauriLaKazi
Asiache kwanza. Ukiacha mwenyewe kimyakimya, hata hoja ya kusimamia inapungua.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 37 (kwa namba za toleo la awali), inasema si sababu halali kumfukuza mtu kwa kukataa kufanya jambo ambalo mwajiri haruhusiwi kisheria kumtaka alifanye. Na kumpotosha mteja kumekatazwa na Sheria ya Ushindani ya 2003. Kwa hiyo kataa sentensi, usikatae kazi. Andika hivi:

"Nitaendelea kuuza mashine kwa matumizi ya kuondoa harufu ya klorini na kupunguza utando. Kuhusu floraidi, naomba ripoti ya maabara kabla sijaitaja kwa mteja."

Tarehe, sahihi, nakala igongwe muhuri wa mapokezi. Neno "utapeli" lisiwemo, bado hujathibitisha.

Mitego iko mitatu. Ukiwa na chini ya miezi sita kazini, kinga ya kuachishwa isivyo halali haikuhusu. Ukifukuzwa, una siku 30 kufika CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi). Wa tatu ndio unawaumiza wauzaji: mwajiri atasema wewe ni wakala wa kamisheni, si mwajiriwa. Weka ushahidi wa kupangiwa muda na maeneo. Ukiwa umefanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu ya mwisho, hiyo ni moja ya alama zinazokufanya uchukuliwe kuwa mwajiriwa.

Majibu ya maabara yakiwa mabaya na bosi akakaza, peleka FCC (Tume ya Ushindani) au TBS (Shirika la Viwango). Sheria ya kuwalinda watoa taarifa ya 2015 inahusu taarifa zinazopelekwa kwa mamlaka husika, kwa hiyo usianzie kwenye magrupu ya WhatsApp. Na orodha ya wateja usiibebe nyumbani, hilo linaweza kukugeukia.

Nzuguni_B
Asanteni. Na wale waliokwishanunua? Wengine wana watoto wadogo.

MajiMagumu
Hao wa watoto chini ya miaka minane ndio wa kwanza, meno ya kudumu bado yanajengeka. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, floraidi inabaki.

Rahisi zaidi huku kwetu ni mvua ya kwenye bati, haina floraidi ya maana. Bati la mita 30 za mraba kwa mvua ya milimita 500, ukitoa inayopotea, linakupa kama lita 12,000. Tanki la lita 5,000, kwa kunywa na kupikia tu lita 20 kwa siku, linakwenda siku 250, yaani linavuka kiangazi cha Mei hadi Novemba. Mvua ya kwanza imwageni, inaosha vumbi.