Fundi wa minara, Kigoma: nataka kukwea Nelion, kilele cha Mlima Kenya, mwezi Agosti, nianzie wapi?

Riga wa Mwanga

Wakuu habari za jioni. Mimi ni fundi wa minara ya simu, naishi Mwanga hapa Kigoma mjini. Huu mwaka wa 9 napanda minara, kuanzia Kibondo mpaka Uvinza, na mrefu kuliko yote niliyopanda ni wa mita 90. Urefu haunitishi. Nikiwa juu naliona ziwa na milima ya Kongo ng'ambo, nakula mihogo yangu kama niko barazani.

2022 nilikwenda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, siku 5. Kileleni nilifika, ila sitawadanganya: pale kambi ya Kibo, mita 4,720, nilitapika mara mbili, na kichwa kiligonga usiku kucha kama jenereta bovu. Na bado niliposhuka kuna kitu hakikunikaa sawa. Ile ni kutembea. Siku zote 5 mikono yangu haikufanya kazi zaidi ya kushika fimbo, na mimi mikono ndiyo inayonilisha.

Ndipo nikaujua Mlima Kenya. Wengi wanaosema wameupanda wanamaanisha kilele cha Lenana, mita 4,985, ambako unafika kwa miguu. Batian (5,199) na Nelion (5,188) hufiki bila kamba. Nelion nimeipenda kwa sababu ya kitoto tu: pale juu kuna kibanda kidogo cha bati alichokijenga Ian Howell mwaka 1970, akipanda na kushuka peke yake na vipande mgongoni. Mtu aliyefunga bati mahali kama pale ni fundi mwenzangu.

Mpango ndio huu. Likizo ni Agosti, siku 14. Tunakwenda wawili, mimi na kijana ninayefanya naye kazi. Pasipoti tunazo, na mfukoni kuna milioni 2 na laki 8. Hanesi na helmeti za kazini zipo, karabina kibao. Kamba nimepewa na shemeji wa Kibirizi, mita 60, mpya, nene kama kidole gumba. Tuliifunga kwenye injini ya boti tukaivuta juu ya mwembe, haikulia hata kidogo.

Mke wangu anasema watu wanatoka Ulaya kuifuata Kilimanjaro, mimi niliyezaliwa nayo napeleka hela kwa jirani. Hapo sina jibu. Ila mengine naomba mnisaidie: siku 14 zinatosha ukitoa za barabarani? Vifaa vyangu vinafaa? Na mtu wa ziwani, mita 770 na ushee kutoka usawa wa bahari, anajiandaaje?

Mnyamwezi wa Ipuli

Mwangaluka fundi. Niko Tabora, mlima huo wa Kenya siujui, ila Rwenzori nimefika, upande wa Uganda. Nakushauri uifikirie kwanza. Kilele cha Margherita ni mita 5,109, na kule juu unavaa makucha ya chuma kwenye viatu unapita juu ya barafu mmefungana kamba. Kutoka kwako unapita Kasulu, Nyakanazi, Biharamulo, Bukoba, unavukia Mutukula, halafu Masaka, Mbarara mpaka Kasese. Raia wa Afrika Mashariki tuna bei yetu ya kiingilio, usikubali kupangwa na wageni. Kadi ya homa ya manjano usiisahau.

Kinachochosha kule ni tope, barafu ni siku moja tu. Bonde la Bujuku unatembea kwenye matope ya magotini kutwa nzima, unaruka kutoka kichuguu cha nyasi hadi kichuguu cha nyasi, ukikosea unazama. Gambuti ni lazima. Mimi nilikodi huko huko, wakanipa namba 41 na mimi navaa 42, nikaona aibu kurudisha. Nilirudi Tabora na kucha mbili pungufu. Nenda na gambuti zako ulizokwisha kuzivaa shambani.

Halafu ile ndiyo inayoitwa Milima ya Mwezi, na kilele kimo kwenye mlima uliopewa jina la Stanley, yule yule aliyemkuta Livingstone hapo kwenu Ujiji 1871. Mwezi wetu, Stanley wenu. Kenya unakwenda kutafuta nini?

Nahodha Kibirizi

Mimi naongelea kamba tu, mengine siyajui. Chukua kipande cha hiyo aliyokupa shemeji, kitupe majini. Kikielea, hiyo ni plastiki ya polipropilini au jamii yake, na karibu zote tunazonunua hapa mwaloni ni hizo. Jua likiipiga inaanza kutoa vumbi jeupe, ukiikunja inakatika nyuzi nyuzi. Na ikisuguana yenyewe kwa kasi inayeyuka, nimeshaona ikishikana kama plastiki ya mfuko. Kufunga boti ni sawa. Roho ya mtu, hapana.

Mtanzania wa Nairobi

Fundi, nimesoma mara mbili kwa sababu naona una vitu ambavyo wengi hawana, na una hatari ambayo wengi hawana.

Nahodha amemaliza upande wa kuyeyuka, mimi naongeza hili. Kwenye mnara una ndoano mbili, moja ukiifungua nyingine imeshika, na umeifunga kifuani au juu ya kichwa. Ukiteleza unashuka kidogo tu. Kwenye mwamba anayetangulia anaiacha nanga yake chini. Ukiwa mita 3 juu ya kifaa cha mwisho ulichopachika kwenye ufa, utaanguka 6 kabla kamba haijaanza kukaza. Kamba ya kukwea imetengenezwa inyumbulike, ikumeze taratibu. Ya mtumbwi itakusimamisha ghafla, na kitakachonyumbuka ni mgongo wako. Kuinua injini pole pole hakupimi hilo hata kidogo. Hanesi yako nayo imeundwa ikuning'inize kwa pete ya mgongoni. Huku unahitaji ya kiunoni, kamba inafungwa mbele. Na helmeti isiwe ya kiwandani isiyo na mkanda wa kidevu, mawe yanadondoka.

Sasa Agosti. Mlima upo karibu kabisa na ikweta, na ninyi wa minara mna sola, kwa hiyo utanielewa haraka: Agosti jua la mchana liko kaskazini. Uso wa kaskazini wa mlima unakauka, wa kusini unashika barafu na theluji. Njia ya kawaida ya Nelion iko upande wa kusini mashariki. Msimu wake ni kuanzia mwisho wa Desemba hadi mwanzoni mwa Machi. Hata Shipton na Wyn Harris, wakweaji wa kwanza kabisa kufika Nelion, walifika Januari 1929. Ukija Agosti njia iliyokauka ni ya uso wa kaskazini kwenda Batian, ndefu, na wengi wanalala ukutani. Si ya kuanzia.

Jambo lingine umelitaja kwa kupita lakini mimi limenisimamisha. Ulitapika Kibo, mita 4,720. Kwa Nelion unalala Austrian Hut, mita 4,790, na asubuhi kabla ya mapambazuko unaanza kukwea karibu mita 400 za mwamba. Siku 5 za Marangu ni haraka mno. Ukishapita mita 3,000, pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila siku 3 au 4 upumzike moja. Wewe na kijana wako mtahitaji siku 7 mlimani, na mwongozaji wa miamba, si wa kutembeza watu Lenana.

Mimi ningefanya hivi: Agosti njoo siku chache tu. Treni mpaka Tabora, basi Nzega, Shinyanga, Mwanza, uvukie Sirari, Kisii, Narok, Nairobi. Twende Hell's Gate kule Naivasha, kuna Fischer's Tower, nguzo ya mwamba ya mita 25 hivi. Kwako ni robo ya mnara. Utajifunza kutangulia, kupachika vifaa kwenye nyufa, kumshikia mwenzako kamba, na kuanguka. Kuanguka hasa, kwa sababu miaka 9 umelipwa usianguke.

Riga wa Mwanga

Nimekisoma hiki nikiwa juu ya mnara huko Kasulu, nikaangalia sola zetu. Kweli bwana. Zote zinatazama kaskazini, na mimi ndiye niliyezifunga.

Mnyamwezi, gambuti nimekuelewa, Rwenzori naiweka kiporo. Mtanzania, nakuja Agosti siku 8, Naivasha tu. Bosi nimemwomba siku nyingine zihamie Januari, kasema atajibu Jumatatu, maana Januari ni mvua huku na radi zinatupigia minara. Mazoezi nimeanza: kila jioni kutoka stesheni kupanda Mwanga na ndoo mbili za maji.

Nahodha, kipande kimeelea. Kamba imerudi kwa shemeji.

Mnyamwezi wa Ipuli

Ukipita Tabora nipigie, nikupe asali ya njiani. Na kijana wako umemwambia kwamba mnakwenda kujifunza kuanguka?

Riga wa Mwanga

Bado. Namsubiri alipwe kwanza.