Perege wa shimo la kokoto nyuma ya yadi ya malori: niendelee kuvua au niache?

Mwanzi_Mmoja:

Wakuu salaam.

Niko Kunduchi, Dar. Nyuma ya mtaa wetu kuna shimo la zamani la kokoto, waliacha kuchimba kabla sijahamia, na masika yameligeuza bwawa. Kwa macho ni kama nusu uwanja wa mpira. Upande mmoja mwamba umekatwa wima kama ukuta, upande wa pili kuna mteremko wa vifusi na matete. Juu ya ukuta kuna yadi ya malori.

Useremala umelala mwezi wa pili sasa, kwa hiyo jioni nashuka na mwanzi wangu. Perege nawapata, na wiki iliyopita nimemtoa kambare wa karibu kilo mbili, nimehangaika naye mpaka kandambili ikabaki topeni.

Nina maswali mawili. La kwanza, perege wote ni wa kiganja, hakuna mkubwa, na wengi wanakula chambo wanaondoka. Natumia ugali na ndoano namba 6. La pili ndilo zito: mama, tunaishi naye, amekataa kuwapika. Anasema samaki wa shimo ni wa shimo, basi. Mke wangu yupo katikati, haongei, ila kikaango hakishuki. Mimi nawaosha kwa ndimu na chumvi. Nina watoto wawili, wa miaka 7 na 4, ambao kila jioni wananipokea mlangoni wakichungulia ndoo. Kuna ubaya gani hasa?

Natanguliza shukrani.

Boya la Kandambili:

Namba 6 kwa perege wa kiganja? Mkuu, unawalisha, huvui. Kale kadomo hakawezi kuimeza. Shuka mpaka namba 12, na ukumbuke namba ikipanda ndoano inapungua, wengi tunachanganya hapo dukani.

Chukua mshipi mwembamba kabisa. Boya kata kwenye kandambili kuukuu (iliyobaki topeni inafaa, hehe), ukubwa wa harage. Chubwi (kile kizito cha kwenye mshipi) iwe nyepesi, boya lisimame nusu ndani nusu nje. Halafu jifunze kusoma boya. Perege habebi akakimbia kama kambare, yeye anaonja. Boya likitambaa kidogo pembeni, au likiinuka na kulala ubavu, vuta hapo hapo. Ukisubiri lizame, ameshatema.

Ugali ukande na unga wa ngano kidogo usimeguke, weka punje tu. Nyungunyungu ni bora zaidi. Kabla ya kutupa, mwaga gao moja la pumba sehemu ile ile, kaa kimya dakika kumi. Na kama maji ni ya kijani usijisumbue alfajiri. Mimea ile midogo inayoyapa maji ukijani inavuta hewa usiku kucha, asubuhi samaki wanapumulia juu, hamu ya kula hawana. Nenda jua likishapanda. Kambare huyo ni wa usiku, utumbo wa kuku chini kabisa.

La pili wacha waje wajuvi.

Sato Bwawani:

Nafuga, nikuongezee hapo kwenye udogo wao. Hao si watoto, ni watu wazima waliodumaa. Perege wakibanana kwenye bwawa dogo chakula kinakuwa kidogo, na badala ya kukua wanazaa. Jike la urefu wa kidole cha kati tayari anatembea na mayai mdomoni, na akiwa nayo hali, kwa hiyo hata chambo chako hamgusi. Ndiyo maana sisi wafugaji tunaweka madume tu, au tunachanganya na kambare wachache wapunguze vifaranga. Hapo shimoni kambare ndiye anayekusaidia kazi, na wewe umemtoa.

Chungulia kwenye kina kifupi, utaona visahani vya mviringo vimefagiliwa kwenye tope. Ni viota vya madume.

Bibi wa Feri:

Mwanangu, mama yako hajakosea, ila hajakwambia sababu. Nimeuza samaki Feri miaka mingi, nikufundishe kitu. Usianze na ndimu, ndimu inaficha. Chukua kipande cha mnofu, osha kwa maji matupu, kitie kwenye sufuria ndogo na maji kidogo. Usitie chumvi, usitie kitunguu. Funika. Ikichemka, weka pua karibu ndiyo ufunue, mvuke wa kwanza ndio unaosema kweli. Akinuka tope, huyo ni wa bwawa tu, muweke hai kwenye maji safi siku mbili tatu bila kumlisha, tope linapungua. Akinuka taa ya chemli, mwaga na sufuria uisugue.

Mzawa_Tabata:

Mnamtisha bure jamaa. Sisi tumekulia kando ya mto Msimbazi, tumevua kambare pale utotoni tukala, na tupo hapa tunachati. Samaki akifa majini ndiyo ujue kuna sumu. Hao wanaruka, wanazaa, sumu itoke wapi?

Nesi wa Zamu:

Mzawa, kambare si shahidi wa kuaminika. Yule anavuta hewa ya juu na anaishi kwenye maji ambayo samaki wengine wangegeuka matumbo nje kitambo. Samaki kuwa mzima maana yake hicho kilichomo hakijamuua yeye. Wewe unayemla hakukuulizia.

Mwanzi, mimi nauliza lingine: unasimama wapi ukivua? Kama unaingia majini mpaka magotini kwenye hayo matete, tafuta konokono wadogo chini ya majani. Maji baridi yaliyotulia, matete na watu wanaokojoa humo, hicho ni kichocho kamili. Vijidudu vyake vinatoboa ngozi nzima bila jeraha, na vinatoka kwa wingi kwenye konokono kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, yaani saa zile zile alizokushauri Boya hapo juu. Vua ukiwa juu ya jiwe, au vaa buti za mpira. Watoto wasishuke kabisa. Ukiona mkojo una damu nenda kapime, dawa ipo, prazikwanteli, wala si ya kuogopa.

Boya la Kandambili:

Nesi, hapo umenikamata. Jiwe, basi. Na ndoano ikinasa kwenye ule upande wa ukuta, kata mshipi. Usiifuate! Mashimo ya kokoto hayana ufuo, unakanyaga jiwe hatua mbili, ya tatu ni mita kadhaa kwenda chini, na kupanda hakuna pa kushika. Ndoano ni hela ya andazi.

Mvinje wa Pwani:

Salaam kutoka Mombasa. Mie nataka kulitetea shimo kidogo. Hapa Bamburi machimbo ya kiwanda cha saruji yalikuwa jangwa jeupe la mawe. Mwaka 1971 René Haller, bwana shamba wa kiwanda hicho, akaanza kupanda miti, mingi ikafa, mivinje ikashika. Wakaleta majongoo yakavunjavunja majani makavu, udongo ukapatikana, wakachimba mabwawa wakafuga perege. Leo ndiyo Haller Park, watu wanalipa kiingilio kuangalia viboko. Kwa hivyo yakhe, shimo halina ila. Uliza nani anakaa juu ya shimo na anamwaga nini.

Ngege_wa_Nairobi:

Umegonga ndipo, bana. Nairobi Dam ilijengwa 1953, na wazee wetu wanakumbuka watu wakicheza na mashua za tanga pale. Uchafu wa mtaani ukateremka miaka na miaka, gugumaji likafunika, siku hizi ukipita unaweza kudhani ni shamba. Maji hayakubadilika yenyewe. Mvua ikinyesha fuata kila mtaro unaoingia kwa hilo bwawa lako, uone unaanzia wapi. Na huyo kambare sisi tunamwita mumi, anakula kila kitu kilicho chini, kwa hivyo chochote kilichozama anacho.

Mbeba Maboksi Leicester:

Huku Uingereza mashimo ya zamani ya kokoto na ya udongo wa matofali ndiyo mabwawa ya kuvulia. Unakata leseni, unalipia bwawa, unanunua funza wa chambo, unakaa kwenye baridi saa sita, unampata samaki mnene kama mto wa kulalia, unampiga picha, unamrudisha majini. Mara ya kwanza nimeshuhudia nilitaka kulia.

Mwanzi_Mmoja (mrejesho):

Nimerudi wakuu. Asanteni sana.

Ndoano namba 12 imejibu, juzi nimetoa perege 17 kwa saa mbili, nikiwa juu ya jiwe. Viota nimeviona, kweli kama visahani.

Jana mvua ikanyesha, nikafanya alivyosema Ngege. Kuna bomba la plastiki linatokea chini ya ukuta wa yadi, nilikuwa nalipita kila siku sijaliangalia. Linatiririsha maji ya kuoshea malori. Pale yanapodondokea kuna utando wa rangi rangi unajikunja juu ya maji, na mawe ya chini yake yana weusi unaoteleza. Nikazunguka kwa juu. Nyuma ya yadi kuna vijana wanavunja betri kuukuu za magari wanachukua risasi, ile metali ya ndani. Maganda meusi yamezagaa, na ardhi pale ina ungaunga wa kijivu, na unaona kabisa njia maji yanayopita kuelekea shimoni.

Jaribio la Bibi nimelifanya. Perege wa upande wa matete amenuka tope tu. Yule wa karibu na bomba, nilipofunua, mama aliyekuwa uani akauliza nani kamwaga dizeli.

Sasa nauliza: nikivua upande wa matete tu, nikatupa utumbo, si inatosha?

Bibi wa Feri:

Mwanangu, hapo kwenye betri mimi na pua yangu tumefika mwisho.

Nesi wa Zamu:

Haitoshi, na pole. Dizeli inakushtua kwa harufu. Risasi haina harufu wala ladha, haikauki kwenye mafuta ya kukaangia, na siku tatu za maji safi haziitoi. Samaki wako hawana mpaka kati ya matete na bomba, bwawa ni moja.

Kutupa utumbo kunasaidia kidogo, maana risasi hukaa zaidi kwenye ini, figo, matamvua na mifupa kuliko kwenye mnofu. Lakini jiulize perege wa kiganja analiwaje kwako. Anakaangwa mkavu, mtoto anatafuna kichwa na miiba yote mpaka mkia, ndiyo utamu wenyewe. Na mtoto wa miaka 4 ndiye anayeumia kuliko wewe, inamharibu ubongo polepole bila homa wala kutapika. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Walichokula kimeliwa, wapeleke hospitali ueleze habari ya betri, waombe ushauri wa kupima damu. Usikae na wasiwasi nyumbani.

Sato Bwawani:

Na ukitaka kujua kwa hakika, samaki na tope vinapimika, maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ipo hapo hapo Dar. TAFIRI, ile taasisi ya utafiti wa uvuvi, nao ni majirani zako Kunduchi, na manispaa ina afisa uvuvi. Anza na huyo, nenda na picha za bomba na za maganda. Usiende kugombana na vijana wa betri, nao wanavuta lile vumbi la risasi kila siku.

Mzawa_Tabata:

Betri sikuzijua. Nafuta kauli.

Mbeba Maboksi Leicester:

Karibu kwenye chama cha kuvua na kurudisha.

Mwanzi_Mmoja:

Nimewaelewa. Wale 17, tulishakula sita wa upande wa matete kabla sijapanda kule juu, na hilo limeninyima usingizi. Waliobaki nimefukia. Watoto tunawapeleka Jumatatu, afisa uvuvi nimeambiwa anapatikana Jumanne.

Kuna jamaa ameniambia habari za bwawa jingine upande wa Bunju, juu yake hakuna yadi wala gereji, ni mikorosho tu. Jumamosi naenda, ila nitaanza kwa kuzunguka juu kabla ya kufungua mshipi. Mama amesema nikirudi na kambare yeyote nilale naye huko huko.