Filta ya oili ya moa (mashine ya kukatia nyasi): nisubiri orijino kutoka Dar au nichukue mbadala iliyopo dukani?

Mkata_Nyasi_MZA
Wakuu habari za jioni. Mi niko hapa Mwanza nafanya kazi za kukata nyasi, nina wateja wawili Capri Point, mmoja Isamilo na uwanja wa shule moja huku Buhongwa. Natumia moa ya kukalia, ilikuja mtumba, injini Briggs & Stratton silinda mbili, ile Intek ya V. Sasa muda wa kumwaga oili umefika na filta iliyopo imechoka, rangi imebanduka, nikaifutafuta na kitambaa chenye petroli ndo nikaona namba 492932S. Nimezunguka mjini siku nzima. Orijino hamna, jamaa anasema anaagiza Dar, 68,000 na nisubiri wiki. Duka la pili wana ya boksi jeupe, haina jina la maana, 18,000, na muuzaji anaapa ni ileile tu imebadilishwa koti. Hiyo 50,000 ya tofauti kwangu ni kazi ya siku nzima juani, lakini injini ikinoki ndo nimekwisha maana familia inakula hapo. Waliotumia zote mbili naomba msaada, sitaki ushabiki nataka mtu aliyeona kwa macho.

Ngosha_wa_Igoma
Chukua ya 18,000 mkuu, moa sio ndege. Mi natumia hizo mwaka wa tatu huu na mashine inapiga kazi.

kisamvu2
Ngosha mashine yako injini gani kwanza?

Ngosha_wa_Igoma
Honda GXV160, ile ya kusukuma.

fundi_nyakato
Hahaha Ngosha mwadila, hiyo haina filta ya oili tangu kuzaliwa. Unayobadilisha ni ya hewa. Hizo injini ndogo za silinda moja nyingi hazina pampu wala filta, ndani kuna kitu kinarusha oili kwenda kwenye vyuma basi, ndo maana zenyewe dawa yake ni kumwaga oili mapema kabla haijawa uji. Mleta mada yeye ana pampu, oili inasukumwa kwa presha inapita kwenye filta ndo iende kwenye beringi, kwaiyo kesi yake ni nyingine kabisa.

Ngosha_wa_Igoma
Duh. Sawa, nakaa pembeni nasoma.

fundi_nyakato
Turudi kwa mleta mada. Mi maneno ya muuzaji siyasikilizi, nakata filta naangalia. Na sio kwa grainda, grainda inajaza unga wa chuma humo ndani alafu unaanza kuogopa uchafu uliouleta mwenyewe. Natumia kikatio cha mabomba kile chenye kigurudumu, unazungusha taratibu mpaka kopo linaachia. Nimekata orijino, nimekata za makampuni yanayotengeneza filta kwa jina lao, na hizo boksi jeupe nimekata kama nne tano hivi kwa nyakati tofauti.

Kitu cha kwanza kuangalia ni kile kipira cha ndani pale mdomoni, kinachozuia oili isirudi ukizima. Kwenye Intek ya V filta imelala ubavu, kwaiyo kipira kikiwa kigumu oili inatiririka kurudi chini usiku kucha, asubuhi ukiwasha unasikia injini inagongagonga sekunde kadhaa mpaka filta ijae upya, na hizo sekunde ndo vyuma vinasagana vikavu. Kipira cha silikoni kinavumilia joto, kile cha mpira wa kawaida kinakauka na kukunjamana. Mara nyingi silikoni ni nyekundu au chungwa na wa kawaida ni mweusi, ila rangi isikudanganye, mtu anaweza kupaka mpira rangi yoyote, bonyeza kwa kidole ndo utajua. Kwenye boksi jeupe moja nilikuta hakipo kabisa. Hakipo! Kuna tundu na karatasi ya kuchujia tu.

Cha pili ni valvu ya springi. Karatasi ikiziba au oili ikiwa nzito asubuhi, ile valvu inafunguka oili ipite bila kuchujwa, maana injini bora ipate oili chafu kuliko kukosa kabisa. Springi ikiwa legelege basi iko wazi muda wote na umefunga pambo. Ikiwa ngumu kupita kiasi karatasi inapasuka au injini inakauka. Hiyo huwezi kuiona kwa macho dukani, na ndo maana namba ya filta ina maana, sio umbo. Alafu kuna injini ambazo hiyo valvu iko kwenye injini yenyewe, kwaiyo ukikuta filta haina usikimbilie kusema feki.

Tatu karatasi. Watu wanahesabu mikunjo. Mikunjo mingi ni dalili nzuri ila mi naangalia zaidi mshono, pale karatasi inapokutana mwanzo na mwisho. Mbili kati ya hizo nilizokata gundi ilikuwa imeachia, kwaiyo oili inapita kwenye ufa wala haihangaiki na karatasi. Na zile "maikroni 20" (kipimo cha udogo wa uchafu unaokamatwa) wanazoandika kwenye boksi bila kusema inakamata asilimia ngapi ni mapambo, maana maikroni 20 kwa asilimia 50 na maikroni 20 kwa asilimia 99 ni filta mbili tofauti kabisa.

Kwaiyo jibu langu boksi jeupe usiweke. Ila hilo halimaanishi ni orijino au basi.

DadaWaMaua
Fundi shikamoo, umemaliza. Mi nina bustani za watu Malimbe na Nyegezi, niongezee hapo mwisho. Katikati ya orijino na boksi jeupe kuna filta za makampuni yenye jina, Oregon, Stens, Fram, Wix, hao kazi yao ni spea na filta, sio injini. Tena wenye injini wenyewe mara nyingi filta hawatengenezi, wanaagiza kwa watengeneza filta kwa vipimo vyao alafu wanapiga nembo. Mi yangu ni Kawasaki, filta namba 49065-7007, nimetumia orijino mara mbili, baada ya hapo naagiza mbadala yenye jina kwa dereva wa basi, inanifikia kwa 32,000. Oili naangalia kila nikimwaga, sijaona tofauti.

Kinachonitisha mimi ni orijino FEKI. Mwaka jana nililipa 60,000 duka moja hapa mjini sitalitaja, boksi zuri, nembo, kila kitu. Nikaona rangi ya kopo inabanduka kwa ukucha, nyuzi za ndani za kufungia zina vinyweleo vya chuma, na namba ya kwenye boksi iko sawa ila kwenye kopo lenyewe hamna kitu. Tukamulika tochi kwenye vitundu, ndani gundi imemwagika kama uji wa mtoto. Nimelipa bei ya orijino kununua boksi jeupe lililovaa suti. Kurudisha wakakataa wakasema nimeshaichezea.

kisamvu2
Hapo kwenye feki ndo penyewe. Bora mbadala inayokubali kuwa ni mbadala.

Busisi_Boy
Wakuu mi niko Sengerema, nilipita njia ya tatu ambayo naomba msiipite. Injini yangu Kohler, filta yake 12 050 01-S. Mtu akaniambia weka ya Toyota tu, ile 90915-YZZE1 iliyojaa kila duka, nikaweka ikaingia ikafanya kazi. Kijana wangu akaona kumbe filta za magari zinaingia, siku nimesafiri akaweka ya Honda ya gari. Anasema ilizunguka vizuri ikakaza. Ile siku ilikuwa nyasi za watu wa harusi kesho yake, kapiga kama dakika kumi, filta ikaruka kama kizibo, oili yote kwenye bustani, mstari mweusi kuanzia getini mpaka jukwaani. Bahati aliona moshi akazima haraka. Mpaka leo nyasi pale hazijaota vizuri na mwenye nyumba ananiita bwana oili.

fundi_nyakato
Pole mkuu, na hesabu yake ni hii. Stadi ya injini yako, yaani ule msumari wenye nyuzi unaofungia filta, ni robo tatu ya inchi, nyuzi 16 kwa inchi, yaani milimita 19.05. Honda ya gari ni milimita 20, hatua (uzi mpaka uzi) milimita 1.5. Filta ni pana kuliko stadi kwa karibu milimita moja kwaiyo inaingia, inashika kwa ncha za nyuzi tu, mkono unasema imekaza kumbe imening'inia. Oili ikipata moto na presha ikapanda inaachia. Ya Toyota thredi (hizo nyuzi) ni sawa na yako, hilo kweli, lakini thredi peke yake haitoshi, duara la sili (ule mpira wa kuzuia kuvuja) lazima likalie uso wa injini wote, urefu usiguse fremu, na ile springi iwe imepimwa kwa injini kama yako. Mi siweki kwa mteja. Kwako mwenyewe ni shauri lako.

Mzee_Kirumba
Vijana mnaongea vizuri ila mnakaza vipi hizo filta? Mimi kila wiki naletewa filta iliyobanwa na mnyororo mpaka kopo limekunjamana. Paka oili mpya kwenye sili, zungusha kwa mkono mpaka iguse, kisha ongeza nusu mpaka robo tatu ya mzunguko, basi. Na kabla ya hapo angalia uso wa injini, sili ya zamani hubaki imeng'ang'ania pale, mtu anafunga mpya juu yake, zinakuwa sili mbili, inavuja halafu anailaumu filta. Nimeona hiyo kwa orijino na kwa mbadala sawasawa.

Jingine, Mwanza yetu hii ya mawe na mchanga, kiangazi ukikata nyasi unakata na vumbi. Huo mchanga unaingilia kwenye filta ya hewa. Ukiwa na filta ya hewa iliyotoboka, hata uweke filta ya oili ya dhahabu ringi zinakwisha.

DadaWaMaua
Shikamoo mzee, nakazia la hewa.

Mleta mada tupige hesabu kidogo. Chukua boksi jeupe 18,000 unabadilisha kila masaa 50, ni 360 kwa saa. Orijino 68,000 kila masaa 100 ni 680 kwa saa. Kwa mtu wa masaa 300 kwa mwaka ni 108,000 kwa 204,000. Tofauti 96,000.

kisamvu2
Dada umesahau oili. Intek hiyo inakula karibu lita 1.9, piga lita mbili. Kwa 12,000 lita ni 24,000 kila ukimwaga. Kwaiyo ya bei rahisi ni 42,000 kwa masaa 50, sawa na 840 kwa saa. Orijino ni 92,000 kwa masaa 100, sawa na 920. Kwa mwaka ni 252,000 kwa 276,000. Mnagombana juu ya 24,000 jamani.

DadaWaMaua
Hahaha umenishika. Na ukiweka ile yangu ya 32,000 kila masaa 100?

kisamvu2
56,000 kwa 100, 560 kwa saa, 168,000 kwa mwaka. Hiyo inawapiga wote.

fundi_nyakato
Hesabu nzuri ila msisahau kitabu cha injini. Intek zipo zimeandikwa masaa 50, zipo 100, inategemea toleo, tafuta kwa namba zilizogongwa kwenye bati la injini yako. Kawasaki nyingi na Kohler Command ni oili kila 100 na filta kila 200, kwaiyo dada unaweza kuwa unabadilisha filta mara mbili zaidi ya inavyotakiwa, japo kwa vumbi letu sikulaumu. Mita ya masaa kama imekufa andika kwenye daftari, usikadirie.

Ngosha_wa_Igoma
Na garantii je? Nasikia ukiweka isiyo orijino garantii inakufa.

kisamvu2
Marekani kuna sheria ya 1975, kampuni haiwezi kukunyima garantii kwa sababu tu spea sio yao, mpaka ionyeshe hiyo spea ndo iliyoharibu. Huku kwetu moa ya mtumba garantii unaidai kwa nani, kwa meli?

Mkata_Nyasi_MZA
Wakuu nimerudi, asanteni sana. Orijino nimeiacha, sio kwa ubaya, ila yule jamaa nilipomwomba picha ya kopo lenyewe, sio boksi, akaanza kuzunguka zunguka, nikakumbuka maneno ya dada. Nimeagiza mbadala yenye jina kupitia basi, 35,000 pamoja na usafiri, imefika jana jioni Nyegezi. Namba inalingana kwenye boksi na kwenye kopo, kipira chekundu kinabonyea laini, thredi imeingia bila kucheza.

Nilipofungua ya zamani nikakuta sili mbili. MBILI. Ile leki niliyokuwa napambana nayo tangu ninunue hii mashine, nimeshapaka gundi ya gasketi mara tatu, kumbe ni hiyo. Mzee Kirumba Mungu akuweke.

Nimemimina, nimewasha dakika mbili, nimezima nikasubiri, nimepima tena kijiti nikaongeza kidogo kwa sababu filta imekunywa. Asubuhi hii nimewasha, haijagonga kabisa. Ile ya zamani nimeiweka kwenye mfuko, fundi ukiwa na nafasi nakuletea uikate tuone ndani kuna nini.

fundi_nyakato
Lete Jumamosi. Iache kwanza imwage oili yote kwenye chupa, usinichafulie meza.

Ngosha_wa_Igoma
Na mimi nakuja na ya kwangu ya hewa.