Naandika riwaya za taharuki na nimeokoka: mzee wa kanisa anataka muuaji aokoke, mhariri anataka sala zitoke. Nifuate lipi?

Mwandishi wa Chumbageni

Wakuu, habari zenu. Bwana Yesu asifiwe kwa wapendwa, na kwa wengine wote salamu kutoka Tanga.

Naomba ushauri wa watu wazima, maana jambo hili limeninyima usingizi. Mchana niko dukani, nauza daftari na sare za shule. Usiku watoto wakishalala naandika. Ni hadithi za taharuki: mtu kapotea, fedha hazionekani, na kuna mmoja anajua lakini hasemi. Nazituma kwa sehemu kwenye makundi ya WhatsApp, wasomaji wanalipia kwa simu, na namshukuru Mungu hata kama kinachopatikana ni kidogo. Jumapili nafundisha watoto kanisani. Kwangu kuandika na kuomba haviachani. Kuna sura nilizihangaikia weee, zikaja baada ya magoti.

Riwaya ninayoimalizia sasa inamhusu mhazini wa mfuko wa ujenzi wa kanisa. Binti anayesaidia kuhesabu sadaka anaona risiti ya saruji. Mifuko 10 imekuwa 70, mtu kaikunja ile 1 kichwani kwa wino usiofanana na ule wa dukani. Wiki hiyo hiyo mlinzi wa kanisa anakutwa amekufa. Binti anakimbilia mapango ya Amboni, analala humo na popo, na humo ndimo anapojaribu kuomba akashindwa. Maneno hayaji kabisa. Sura hiyo ndiyo roho ya kitabu.

Sasa niko katikati ya watu wawili ninaowaheshimu. Mzee wa kanisa aliyesoma rasimu anasema Mkristo haandiki mauaji, tena ya kanisani. Kama ni lazima, basi mhazini aokoke mbele ya madhabahu sura ya mwisho, na binti asishindwe kuomba, maana itawavunja moyo vijana. Amboni nayo itoke, kwa kuwa watu wanapeleka sadaka kwa mizimu mle ndani. Mhariri wa kampuni inayotaka kukichapa anasema sala zote ziondoke, eti msomaji hanunui mahubiri. Nikimsikiliza mzee naona nadanganya. Nikimsikiliza mhariri naona namkana Bwana.

Naomba kuwasilisha.

Mhariri Mstaafu

Hongera, dada. Nimehariri riwaya miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo nitasema la mhariri, la mzee nawaachia watumishi.

Mhariri wako ana nusu ya hoja. Sala haiuzi wala haizuii kuuza. Tatizo ni kazi unayoipa. Pitia muswada, kila penye sala usome kurasa mbili zinazofuata. Kama binti anasema "amina" na simu inaita yenye jibu, msomaji wako ameshajifunza kwamba hakuna cha kuogopa: tukikwama, ataomba, tutatoka. Hofu ikishaondoka hapo huna riwaya ya taharuki, una ratiba. Sala za namna hiyo zikate bila huruma.

Kisha soma Matendo 23 kama mwandishi. Watu zaidi ya arobaini wamejifunga kwa kiapo wasile wala wasinywe mpaka wamuue Paulo. Usiku uliotangulia Bwana amemtokea Paulo na kumwambia atashuhudia Rumi, yaani msomaji ameshaambiwa mtu huyu hafi, na bado moyo unadunda. Kwa nini? Kwa sababu hatujui itapitia wapi. Haji malaika. Anakuja mtoto wa dada yake, kijana aliyesikia njama, na jemadari anamshika mkono na kumvuta pembeni ili asikie peke yake. Angalia mkono ule. Halafu ulinzi wa kumtorosha Paulo: askari 200, wapanda farasi 70, wenye mikuki 200, saa tatu ya usiku. Luka hakupoteza muda kutuambia Mungu ndiye aliyepanga.

Sura ya pangoni usiiguse. Mhariri wako akishikilia itoke, tafuta mchapaji mwingine.

Mtumishi wa Pongwe

Dada mpendwa, nitasema tofauti na usinione adui. Nimelea vijana kanisani. Wafilipi 4:8 inatuambia tuyatafakari yaliyo safi, yenye kupendeza, yenye sifa njema. Wewe unakaa usiku kucha ukitafakari namna mtu anavyomuua mlinzi. Hiyo haikuachi salama. Na yuko kijana atakayesoma jinsi risiti inavyogeuzwa, naye akageuze. Kipaji unacho, sikatai. Andika shuhuda, andika maisha ya watu waliotoka gizani. Nakuombea.

Shangazi wa Ngamiani

Mimi Muislamu, na hadithi za dada huyu nazifuata toka ile ya mwanzo, mwaya. Hapa mtaani tunasoma wengi, na tulio wengi si Wakristo. Sala za binti hazinikeri hata kidogo. Mtu aliye kwenye shida akamsahau Mungu ndiye nisingemwamini, huyo katoka wapi? Kinachonikera ni pale alipotoroka kwa mhazini kwenye sehemu zilizopita, akaomba, mara mlango umeachwa wazi. Nilirusha simu kitandani. Huyo mhariri anasema wasomaji hawataki, alituuliza lini?

Ya pangoni ukiifuta nitakudai hela yangu, wallahi.

Mwinjilisti Muheza

Shalom. Mtumishi wa Pongwe kasema kwa upendo na nisingependa apuuzwe. Lakini mstari alioutaja, jambo la kwanza kabisa katika orodha ile ni yaliyo ya kweli. Usafi umekuja baadaye.

Dada, fungua 2 Samweli 11. Mfalme Daudi anaandika barua ya kumuua Uria, askari wake, na anayeibeba hiyo barua ni Uria mwenyewe. Anatembea nayo mpaka vitani, kwa uaminifu, bila kuifungua. Mimi nikifika hapo natamani kumpigia kelele. Kisha sura ya 12 Nathani anakuja na kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja, aliyekula tonge lake na kunywea kikombe chake. Nabii hakumshtaki mfalme kwanza. Alimfanya apende yule mwana-kondoo, akamwacha akasirike, akamwacha atoe hukumu ya kifo kwa kinywa chake, ndipo akasema "Wewe ndiwe mtu huyo." Kama angeanza na mahubiri, Daudi angejitetea. Kwa hiyo mzee wako akisema kisa cha mauaji si kazi ya mtumishi wa Mungu, mjibu kwa adabu kwamba nabii alitumwa nacho.

Hapo hapo utapata jibu la mhazini. Daudi alitubu kweli, Mungu akamsamehe kweli. Lakini Uria hakufufuka, mtoto wa Daudi alikufa, na upanga haukuondoka katika nyumba ile. Mhazini wako akiokoka, aokoke. Ila baada ya madhabahu aende kituo cha polisi kwa miguu yake, na mjane wa mlinzi awepo, na asilazimishwe kumkumbatia. Ukimwokoa ili tu kitabu kiishe vizuri, umemdhulumu mjane.

Kuhusu binti kushindwa kuomba, Zaburi 88 inaanza na kilio na inaishia gizani, hakuna mstari wa faraja mwishoni, na imo katika Biblia tunayowapa vijana hao hao. Eliya naye alilala pangoni baada ya kuomba afe. Daudi alijificha pango la Adulamu. Pango likiwa na sadaka za mizimu, binti wako ataziona, ataogopa, na atajua yuko wapi. Hilo linaongeza uzito wa ukimya wake.

La Mtumishi wa Pongwe lishike hivi: usitufundishe mbinu. Ile 1 iliyogeuzwa inatosha. Tuonyeshe zaidi nani hakulipwa kwa sababu ya mifuko ile 60 ambayo haikuwahi kufika.

Kaole

Nipo Bagamoyo, nafanya maigizo. Naomba kuuliza swali ambalo hakuna aliyeuliza: kanisani kwenu mnajenga sasa hivi? Maana mji ni mdogo. Mzee anaweza kuwa anasema "mauaji" wakati kinachomtisha ni kwamba kila muumini atamtazama mhazini halisi. Hapa kwetu mchezo wowote wenye mwenyekiti wa mtaa, watu wanageuza shingo kumtafuta aliyekaa.

Kama ni hivyo, sogeza kisa nyuma ya wakati. Taharuki yenye imani iko tele kwenye pwani hii. Wale kina Chuma, Susi na Jacob Wainwright waliobeba maiti ya mmisionari Livingstone mpaka hapa Bagamoyo Februari 1874, njiani iliwabidi waifunge kama mtumba wa nguo na kujifanya wameirudisha walikotoka, ili wapite salama. Wainwright alikuwa kijana Mkristo aliyesoma shule ya misheni huko India. Fikiria anavyotembea karibu na mtumba ule, na kila kijiji kinauliza mmebeba nini.

Kwako Tanga una kitu kizuri zaidi. Miaka ya 1950 polisi wa mkoloni walikuwa wakimsaka Osale Otango, na Amboni ndiyo ilikuwa maficho yake. Wengine walimwita jambazi, wengine mkombozi. Binti wako akikimbilia mapango hayo wakati huo, anamkimbia muuaji mmoja na kuingia mahali ambapo kila mwenye bunduki anatafuta mtu wa kumpiga risasi. Kanisa liwe la kambi ya mkonge, waumini wawe manamba, yaani vibarua wa mkataba waliotoka mbali. Mfuko wa ujenzi wa watu wale, kila senti ilikuwa jasho.

Mwandishi wa Chumbageni

Nimewasoma wote, na nimelia kidogo kwa ile ya mjane.

Kaole, ndiyo, tunajenga, na mhazini wetu ni mtu mwadilifu ninayemheshimu sana. Sitaki hata kivuli kimguse. Kambi ya mkonge nimeikubali kwa moyo wote. Shangazi, mlango ule utafungwa. Mtumishi wa Pongwe, asante kwa maombi, na nitaendelea kuandika.

Swali langu la mwisho: kuna mtu ananakili sehemu zangu na kuzirusha kwenye makundi mengine bila jina langu. Na mkataba wa mchapaji unasema haki zote ni zake.

Mhariri Mstaafu

La mkataba kwanza: usisaini "haki zote". Mpe haki ya kuchapa kitabu kwa muda mtakaokubaliana, na ya simu na maigizo ibaki kwako. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kazi ni yako tangu ulipoiandika, maisha yako yote na miaka 50 baada ya hapo. Hata hivyo isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, upate ushahidi wa kumwonyesha huyo anayenakili. Ukiamua kuchapa mwenyewe, namba ya ISBN inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Na muswada ukikamilika upeleke pia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ina kipengele cha riwaya. Kazi ya duka usiiache kwa sasa. Shaaban Robert, wa Tanga hiyo hiyo, aliandika huku akiwa karani wa serikali.

Mwandishi wa Chumbageni

Nimekuelewa, baba. Nimekumbuka jambo: yule mzee wa kanisa alizaliwa kambi ya mkonge, baba yake alikuwa manamba. Nitamwendea Jumapili baada ya ibada, nimweleze kwamba mhazini wetu yuko salama, nimwombe anisimulie.

Mhariri Mstaafu

Mwendee, na uende na daftari. Muulize mishahara ya kambini ililipwa siku gani. Muulize sanduku la sadaka lilikaa nyumbani kwa nani, funguo alishika nani, na nani mwingine alijua ilikofichwa.