Prosesa yangu i5-4570 inafika digrii 100 nikirenda (kutoa video iliyohaririwa): ninunue i7 au nipoze kwanza?

MpigaVideo_Kondele

Wadau, salamu kutoka Kisumu. Kazi yangu ni kupiga na kuhariri video: harusi chache, mazishi mengi. Ofisi ni chumba kimoja hapa Kondele, ghorofa ya mwisho. Juu ya kichwa changu kuna silingi nyembamba, kisha mabati. Ikifika saa tisa alasiri Februari hii, kipimajoto cha ukutani kinasoma 33. Nikifungua dirisha naingiza upepo pamoja na wadudu wa ziwani. Nikilifunga, naiva mwenyewe.

Mashine ni Dell OptiPlex 9020, ile kesi kubwa ya kusimama, niliyoinunua ikiwa imetumika Uingereza. Ina i5-4570, ramu ya DDR3 gigabaiti 16, SSD ndogo ya Windows na diski ya terabaiti 1. Kadi ya picha sina, natumia ile iliyo ndani ya prosesa.

Jumamosi iliyopita nilipiga mazishi huko Seme. Jumapili usiku nikaanza kurenda, video ya saa moja na dakika ishirini. Dakika ya sita tu, feni ikaanza kulia kama kinu cha kusaga mahindi. Nikafungua Core Temp, programu ya kuonyesha joto la prosesa: 97, 99, 100, ikakaa hapo hapo kwenye 100. Kasi ikaporomoka kutoka gigahezi 3.6 hadi moja na kitu. Saa nane usiku mashine ikazima yenyewe. Stima ilikuwepo, taa zinawaka, jirani anatazama mpira. Na kijana wa marehemu alitaka video yake kabla ya ndege ya Jumanne.

Bajeti yangu ni 12,000, na ndani yake humo mna nauli ya kifurushi. Nimewaza mambo matatu: i7-4790, au Xeon E3-1240 v3, ambayo nimeona ikiuzwa kwa bei nafuu kuliko i7, au niache prosesa ilivyo ninunue kipoza kikubwa cha mnara. Muuzaji mmoja wa Nairobi ameniambia i7 "inaingia tu, bosi". Nimwamini?

Niungame kitu kabla hamjauliza. Mwezi wa kumi na moja niliipeleka kwa vijana wa kuosha magari, wakaipuliza kwa kompresa. Vumbi lilitoka hadi mteja wa gari jeupe akalalamika. Tangu siku hiyo feni ina mlio wa kukwaruza.


Fundi_Nyalenda

Usinunue chochote bado. Ulijibu swali lako mwenyewe kwenye aya ya mwisho.

Kompresa ya gari huizungusha feni kwa kasi ambayo haikutengenezewa, beringi inaumia. Tena tangi la kompresa hukusanya maji chini, na maji hayo hutoka na upepo. Ukilazimika kupuliza, shika pangaboi la feni kwa kidole lisizunguke. Lakini hata hivyo hukutoa uchafu wenyewe. Ulitoa ule uliokuwa kwenye kesi.

Uchafu wa Kisumu si vumbi tu. Unafanya kazi usiku, taa pekee chumbani ni skrini, wadudu wa ziwani wanakuja kwenye mwanga na feni inawavuta. Wakishakauka, mabawa yao yanashikana na vumbi, yanakuwa kama kipande cha blanketi kati ya feni na mapezi ya hitisinki, kile chuma kinachopoza prosesa. Ukiangalia kwa nje unaona feni safi. Toa feni kwenye hitisinki, ndipo utaliona. Nimewahi kulibandua moja likatoka zima, mraba, na alama ya feni imechorwa juu yake. Kompresa hulisukuma ndani zaidi.

Fanya hivi. Washa mashine dakika kumi ipate joto ili pesti, ile dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki, ilainike, kisha zima na uchomoe waya wa stima. Legeza skrubu nne za hitisinki kwa mshazari, kidogo kidogo, usimalize upande mmoja kwanza. Izungushe kidogo kushoto na kulia, ndipo uinue. Pesti ya zamani itakuwa imekauka kama ugali wa jana. Ifute kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, juu ya prosesa na chini ya hitisinki. Mapezi yaoshe kwa mswaki hadi uone mwanga upande wa pili. Pesti mpya weka ukubwa wa ndengu moja, katikati. Ndengu, si njugu. Halafu kaza skrubu kwa mshazari vilevile.

Ukimaliza, renda ile ile video na utuletee namba. Na hiyo feni inayokwaruza itabidi ibadilishwe tu.


Dada_Chipu_Nakuru

Nakubaliana na Fundi, ila kwa kuwa umeuliza kuhusu prosesa nitajibu, maana hapa dukani Nakuru hizi 9020 ndizo zinazonilisha.

Xeon E3-1240 v3 iache. Ni prosesa nzuri, kore 4 thredi 8 (inashika kazi nane kwa pamoja) kama i7, lakini haina picha ndani. Wewe huna kadi. Ukiiweka, utachomeka skrini nyuma na hutaona kitu, utadhani mazabodi (bodi kuu) imekufa. Nimeshapokea wateja wawili wakilia hivyo, mashine zao nzima kabisa. Ile E3-1245 v3 ndiyo yenye picha.

i7-4790 inaingia kwenye soketi yako, LGA1150, hapo muuzaji hakudanganya. Alichonyamazia ni BIOS, ile programu ya msingi ya mazabodi inayoiwasha mashine. i5 yako ni ya 2013, 4790 ni ya 2014, na 9020 yenye BIOS ya mwanzo haiwezi kuitambua. Sasisha BIOS ukiwa bado na i5 ndani. Na kaka, fanya hivyo ukiwa na UPS, ile betri ya akiba. Stima ikienda katikati ya kusasisha, unabaki na sanduku la bati.

Sasa joto. Karatasi ya vipimo inasema i5-4570 ni wati 84 na i7-4790 ni wati 84, watu wanaona ni sawa. Ukirenda si sawa. i7 ina thredi 8, yako ina 4, na kwenye kurenda zote nane zinalima, kwa hiyo i7 ndiyo itakayokaribia hizo wati. Kama i5 inakupigia 100, i7 itakupigia 100 mapema zaidi, na utakuwa umelipia kasi usiyoipata.

Ndiyo maana kwa chumba chako ningetafuta i7-4790S. Ni ile ile ya thredi 8, ila imefungwa kwenye wati 65. Mwanzo wake ni gigahezi 3.2 badala ya 3.6, kilele 4.0 sawa. Kwenye kurenda kwa muda mrefu inabaki nyuma kidogo, lakini 4790 inayojikaba kwa joto inabaki nyuma zaidi. Mimi huku asubuhi chumba kiko digrii 18, wewe 33. Hizo 15 zinapanda karibu zote hadi kwenye prosesa. Mashine inayonisomea 72 itakusomea 87.

Kipoza cha mnara? Plagi ya feni ya Dell si ile ya kawaida, na mashimo ya skrubu yameunganishwa na kesi. Ukiweka feni ya nje bila adapta, kila ukiwasha inakulalamikia kuhusu feni na kukusimamisha hapo. Tafuta hitisinki na feni yake halisi kutoka 9020 iliyokufa. Zipo nyingi.

Swali langu: kamera yako inarekodi H.264 au H.265, zile njia mbili za kubana video, ya pili ikitoa faili dogo zaidi?


Mwalimu_Kakamega

Kijana wangu, nimesoma yote na sioni aliyekuambia ukweli mchungu. Unataka kutia pesa kwenye mashine ya DDR3, ramu ya zamani. Msaada wa Windows 10 uliisha Oktoba 14, 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Hiyo i7 unayoitamani ni ya kizazi cha 4, iko nje pamoja na i5 yako.

Mimi ningeiuza 9020, niongezee hizo 12,000, nitafute mashine yenye i5-8500. Ina kore 6 halisi na wati 65. Ila angalia usije ukanunua mazabodi ya kizazi cha 6 au cha 7 ukidhani utaipandisha baadaye. Soketi inaitwa LGA1151 zote mbili, prosesa inakaa vizuri kabisa, na haiwaki. Mimi kosa hilo nimelifanya, na prosesa yenyewe ilikuwa zawadi ya mwanangu, kwa hiyo hata kulalamika sikuweza.


Dada_Chipu_Nakuru

Mwalimu, hilo sipingi, ila 9020 yenye kelele na inayozima haiuziki kwa bei ya maana. Aisafishe kwanza hata kama anaiuza.


MpigaVideo_Kondele

Asanteni. Mwalimu, shikamoo. Nimekusikia, lakini nina mazishi mawili Jumamosi hii na hiyo hesabu yako inahitaji pesa ambayo bado iko mifukoni mwa wateja.

Dada, nimeangalia kamera: H.265. Niliichagua mwenyewe kwa sababu kadi yangu ya kamera ni gigabaiti 64, na mahubiri ya mazishi ya huku hayana haraka.


Dada_Chipu_Nakuru

Basi hapo ndipo joto lako lingine linapotoka. Kizazi chako cha Intel hakina saketi kamili ya kufungua H.265. Kila fremu prosesa inaifungua kwa nguvu za mikono, kisha inaifunga upya. H.264 inaijua vizuri, kufungua na kufunga, kupitia Quick Sync, saketi ya video ya Intel, na hiyo unayo tayari ndani ya i5. Rudisha kamera kwenye H.264, nunua kadi ya pili ya kamera. Halafu kwenye programu yako, pale pa kutoa video, chagua isimbwe (ifungwe) na maunzi, yaani hiyo Quick Sync, si na programu. Kama ungenunua ile Xeon, Quick Sync nayo ungeipoteza, maana imo upande wa picha.


MpigaVideo_Kondele

Narudi na namba kama nilivyoagizwa.

Blanketi nililikuta. Fundi, sikukuamini hadi nilipotoa feni. Lilikuwa rangi ya kijivu lenye mng'aro wa mabawa, unene kama wa chapati, na upande mmoja limelowa na kukauka, nadhani ni maji ya kompresa. Mke wangu alikataa nilitupe kwenye pipa la ndani. Pesti ya zamani niliikwangua kwa kadi ya simu, ikatoka unga. Chini yake prosesa inang'aa, maandishi ya i5-4570 yanasomeka kama jana.

Kabla sijabadilisha chochote kingine, feni ile ile ya kukwaruza, video ile ile ya Seme, saa tisa alasiri: ilipanda hadi 86 ikatulia. Kasi haikushuka chini ya 3.4. Gharama hadi hapo ni pesti, spiriti na mswaki, haikufika 1,000.

Nikapata feni na hitisinki ya 9020 iliyokufa kwa jamaa mmoja karibu na Kibuye: digrii 81, na sasa nasikia jirani anatazama mpira gani. Nikasasisha BIOS kwenye UPS ya rafiki, mkono kifuani dakika zote. Nikaagiza i7-4790S, ikaja na basi la usiku ndani ya kiboksi cha dawa ya meno. Kabla ya kulipa nilipiga picha pedi za dhahabu chini yake, zote safi. Ilipoingia, joto la juu kabisa kwenye kurenda ni 83 mchana, 76 usiku.

Mazishi ya Jumamosi nimeyapiga kwa H.264. Video ya saa moja na robo imetoka kwa dakika 38. Ile ya Seme, kabla ya yote haya, ilikuwa imechukua saa tatu na nusu na bado ikazima. Mwalimu, pesa za i5-8500 nimeanza kuziweka, nimebaki na 1,700.

Nimefunika tundu la mbele la kesi kwa soksi nyembamba ya kike, ile ya kuvaa na viatu vya kanisani, nimeivuta ikakaza nikaibana kwa mpira. Inaongeza digrii 2. Jana usiku nimehesabu wadudu kumi na tisa nje yake. Niiache?


Fundi_Nyalenda

Iache. Ifue kila wiki mbili, na wadudu wakija kwa wingu, kila siku tatu. Ukiona digrii zimepanda tano juu ya kawaida, hiyo ni soksi, usifungue mashine.


Dada_Chipu_Nakuru

Huku kwetu hatuna hao wadudu, tuna vumbi tu. Wanasema hata jina la Nakuru limetoka kwa Wamaasai, mahali pa vumbi. Hiyo soksi naijaribu kesho. Ya rangi gani?


MpigaVideo_Kondele

Nyeusi, dada. Mke wangu bado anaitafuta.