Naomba ushauri: DNA na protini, kipi kilitangulia?

Habari zenu, kaka na dada zangu. Nafundisha biolojia mwaka wa sita wa sekondari hapa Bukavu, upande wa Kadutu. Nimekwama.

Juzi nilichora ubaoni jedwali la kodoni 64, yaani maneno ya herufi tatu ya lugha ya jeni: 61 zinataja asidi amino 20 (matofali ya protini), na 3 zinaamuru kusimama. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, DNA inahitaji protini ili inakiliwe, na protini zinatengenezwa kwa maagizo ya DNA. Kipi kilitangulia?" Swali lilinifurahisha hata sikusikia kengele.

Niliwaeleza dhana ya kwamba RNA, molekuli jamaa ya DNA, ndiyo ilianza: wanasayansi Cech na Altman walipewa Nobel mwaka 1989 kwa kuonyesha RNA inaweza kuchochea mmenyuko wa kikemia yenyewe, na hadi leo ndani ya ribosomu, kiwanda cha protini cha seli, ni RNA inayounganisha asidi amino. Wakaridhika. Binti yule hakuniachia: "Sawa, lakini kwa nini kodoni UUU ni asidi amino fenilalanini na si nyingine?" Nikabaki kimya, chaki mkononi.

Najua Francis Crick, mmoja wa waliogundua muundo wa DNA, mwaka 1968 alisema huenda ni bahati tu iliyoganda, yaani ilitokea hivyo kisha ikawa vigumu kubadilika. Wengine wanaona mvuto wa kikemia kati ya kodoni na asidi amino zake. Mimi naelekea huku kwa pili, ila sitaki kuwalisha maoni yangu.

Mnafundishaje hoja hizi mbili bila kudanganya kwamba mjadala umekwisha? Na kuna zoezi lisilohitaji maabara? Nina chaki na shanga za rangi nne tu, na kipindi ni Alhamisi.