Ubuntu siku inawaka, siku inagoma, Windows haina neno

Mwana_Michenzani
Assalaam alaykum wataalamu. Laptopu ina SSD ya GB 256 yenye Windows 11 na Ubuntu 24.04, na diski ya pili ya kuzunguka ya TB 1 kwa ajili ya mafaili tu. Hiyo ya pili imefomatiwa NTFS ili pande zote mbili ziisome. Menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo wa kuwasha, inakuja kila mara, na Windows inafunguka bila tatizo. Ubuntu ndiyo yenye vituko: mara inaingia, mara inaniachia skrini nyeusi imeandikwa "You are in emergency mode". Nikiwasha mara kumi, kama nne hivi inagoma. Betri imekufa, mashine inaishi kwa chaja, kwa hiyo umeme ukikatika nayo inazimika papo hapo. Nimeambiwa nipige Ubuntu upya. Hakuna njia nyingine kabla ya hapo?

Bisibisi_Darajani
Wa alaykumus salaam. Usipige chochote upya. GRUB ikishakukabidhi kwa Ubuntu na ukafika kwenye hayo maandishi, basi kuwaka imewaka. Kilichotokea ni kwamba imeshindwa kupachika, yaani kuifungua ili itumike, diski iliyoandikwa kuwa ya lazima kwenye /etc/fstab, faili la orodha ya diski za kupachikwa wakati wa kuwaka. Kwa maelezo yako ni ile ya TB 1. Ukipiga Ubuntu upya halafu ukaiandika diski ile ile kwa mstari ule ule, utarudi hapa wiki ijayo.

Swali langu: ukitoka Windows unazima au unarestati? Windows ikizimwa kwa kawaida haizimiki kabisa. Ule uwashaji wa haraka unahifadhi kernel yake, kiini cha mfumo, kwenye faili la hiberfil.sys, na diski zote ilizokuwa imezishika zinabaki kama kitabu kilichofunikwa kalamu ikiwa ndani. Ukirestati, inafunga kila kitu. Ndiyo maana ukitoka Windows kwa kurestati Ubuntu inaingia, na ukizima usiku ukawasha asubuhi inagoma. Ukatikaji wa umeme nao unaacha alama ya uchafu kwenye NTFS, yaani kwamba diski haikufungwa vizuri, na betri yako haisaidii kitu hapo.

Ikigoma tena, bonyeza Enter upate mstari wa amri, kisha:

systemctl --failed
journalctl -b -p err
cat /etc/fstab

Na uhesabu sekunde. Inagoma mara moja, au inasubiri kwanza?

Mwana_Michenzani
Nazima, sirestati. Leo imegoma mara moja tu bila kusubiri, na kwenye journalctl kuna "volume is dirty and "force" flag is not set". Ila wiki iliyopita kuna siku ilisubiri, inahesabu hadi dakika 1 na sekunde 30, ndipo ikaandika yale yale. Mstari wa fstab huu hapa, UUID, namba ya utambulisho wa diski, nimeifupisha:

UUID=5A1C... /mnt/kazi ntfs3 defaults 0 0

Kijana_Jangombe
Si uongeze neno force kwenye huo mstari, biashara ikaisha? Au upitishe ntfsfix -d.

Bisibisi_Darajani
Hapana, yakhe. Force inailazimisha Ubuntu kuandika juu ya diski ambayo Windows bado inajidai ni yake. Windows ikiamka na kumbukumbu zake za jana inaandika juu ya ulichoandika wewe, na mafaili yanapotea kimya kimya. ntfsfix -d inafuta alama ya uchafu, haitengenezi kilichoharibika. Kazi hiyo ni ya chkdsk, na chkdsk iko Windows.

Mwana_Michenzani, anza upande wa Windows. Fungua cmd kama msimamizi:

powercfg /h off
chkdsk D: /f

Badala ya D weka herufi ya diski yako. Amri ya kwanza inaondoa uwashaji wa haraka pamoja na faili la hiberfil.sys, ambalo kwenye SSD ya GB 256 linakula nafasi ya maana. Baada ya sasisho kubwa la Windows rudi uangalie kama haujarudishwa.

Kisha Ubuntu, sudo nano /etc/fstab, mstari uwe hivi:

UUID=5A1C... /mnt/kazi ntfs3 nofail,x-systemd.device-timeout=10s,uid=1000,gid=1000 0 0

Ukiwa ndani ya emergency mode na nano ikakataa kuhifadhi, tanguliza mount -o remount,rw / kwanza. Neno nofail ndilo linaloambia Ubuntu kwamba diski hii ikikosekana iendelee kuwaka bila yake. UUID inakili kutoka lsblk -f, usiandike kwa kichwa.

Nofail ina mtego wake. Siku diski isipopachikwa, folda ya /mnt/kazi itakuwepo, tupu, na ikiruhusu kuandika utahifadhi mafaili humo ukidhani yako kwenye diski kubwa. Yanakwenda kwenye SSD. Kesho diski ikipachikwa yanafunikwa, huyaoni, na SSD inajaa hujui kwa nini. Kwa hiyo kabla hujaipachika:

sudo umount /mnt/kazi
sudo chattr +i /mnt/kazi

Folda ikiwa tupu haitakubali faili hata moja. Diski ikipachikwa juu yake, inaandikika kama kawaida.

Wete_Maunzi
Hayo ya Darajani ni sahihi, lakini yanatibu ile ya leo. Ile ya dakika moja na nusu ni ugonjwa mwingine. Sekunde 90 ndio muda ambao systemd, programu inayosimamia uwashaji wa Ubuntu, inasubiri diski ijitokeze. Diski chafu inaonekana kisha inakataliwa, hakuna kusubiri. Ukiona inahesabu, maana yake diski haikuonekana kabisa, na hilo haliko kwenye fstab wala Windows. Ni kebo, kiunganishi, au diski yenyewe.

sudo apt install smartmontools
sudo smartctl -a /dev/sda
sudo dmesg | grep -i "sata link"

Kwenye majibu tazama namba 199 na 197, safu ya mwisho. 199 ikipanda wiki hadi wiki, njia ya data ina kasoro: kebo imelegea au meno ya kiunganishi yameshika chumvi. 197 ikiwa zaidi ya sifuri, diski ina sehemu zisizosomeka, na hapo hamisha mafaili kabla ya kushika bisibisi.

Huku kwetu upepo wa bahari hauachi chuma salama. Chomoa chaja, toa hiyo betri, shikilia kitufe cha kuwasha kama sekunde 15. Fungua skrubu za diski, ivute taratibu bila kuinyanyua upande mmoja. Kebo bapa ya laptopu ukiikunja pembe kali imekwisha. Meno ya shaba yakiwa yamefifia au yana madoa ya kijani, futa kwa pamba ya masikio iliyoguswa isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya kidonda ya asilimia 70 ina maji mengi, ukiitumia acha ikauke saa nzima. Msasa usiuguse, dhahabu ya juu ikiondoka, kutu inarudi upesi zaidi. Irudishe, kaza skrubu zote, maana diski inayocheza ndani ya kikasha chake ndiyo inayopotea mara moja moja.

Mwana_Michenzani
Nimefuata zote. 199 ilikuwa 41, na jino moja lilikuwa la kijani kweli. 197 ni sifuri. Nimewasha mara 12, kwa kuzima na kwa kurestati, zote Ubuntu imeingia. Limebaki dogo: nikitoka Ubuntu nikaingia Windows, saa inarudi nyuma. Saa sita mchana inaandika 9:00.

Bisibisi_Darajani
Hiyo si kasoro. Ubuntu inaandika saa ya mashine kwa UTC, saa ya kimataifa, Windows inaisoma kama saa ya hapa, na sisi tuko mbele kwa masaa 3. Ukiwa Ubuntu:

timedatectl set-local-rtc 1

Itakuonya kwamba haipendi mpangilio huo. Ipuuze, hapa hatubadilishi saa kwa majira. Na angalia tena 199 baada ya wiki mbili: hesabu yake haishuki, ikibaki 41 umepona.